Mchezo wa volkano nyuma ya nyumba ya mbao: kisa cha msichana wa miaka 7, Goma, mashariki mwa Kongo (DRC)

Kila alasiri msichana huyu alizunguka nyuma ya nyumba yao ya mbao huko Ndosho, akaokota mawe meusi ya volkano, akayapanga duara na kuacha pengo moja la mlango. Ndani alisimamisha vijiti vitano: papa (baba), mama, yeye mwenyewe, mdogo wake wa kiume, na mbuzi. Alikoroga majivu ya makala (mkaa) na maji ndani ya kopo la tomati mpaka yakawa mazito kama uji, kisha akayamwaga polepole kutoka upande wa juu. "Moto iko nakuya! Mukimbie!" Vijiti havikukimbia. Uji wa majivu ulipita juu ya mawe, ukavifunika, naye akasema kwa sauti ya chini, "Bote balikufa", yaani wote walikufa. Akavunja nyumba, akakusanya mawe, akaanza upya. Mara tatu, mara nne, hadi aitwe kula. Hakucheka, na hakuna siku hata moja kijiti kilitoka mlangoni.

Wazazi hawakumleta kwetu washauri kwa sababu ya mchezo huo. Walimleta mwishoni mwa Septemba 2021 kwa sababu alikuwa akikojoa kitandani usiku 5 au 6 kwa wiki, alimpiga mdogo wake wa miaka 4, na mwalimu alilalamika kwamba lori likipita barabarani mtoto anaingia chini ya dawati. Mchezo ulitajwa mwisho kabisa, kwa aibu. Mama alisema mtoto "anaita volkano", na kwamba alikuwa ameshamchapa mara mbili ili aache.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Familia hii imejengwa kwa kuunganisha mambo yanayojirudia katika kazi ya namna hii, ili nyumba ya mtu yeyote isitambulike. Volkano na mji ni vya kweli.

Siku nne ambazo hazikuzungumzwa

Nyiragongo, volkano iliyo kaskazini mwa Goma, ililipuka Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, jioni. Lava ilishuka upande wa Buhene, kaskazini mwa mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi. Tarehe 27 Mei wakazi wa kartie (mitaa) 10 za Goma waliamriwa kuhama, na maelfu kwa maelfu wakashika barabara ya Sake, mji ulio magharibi mwa Goma, wengi kwa miguu.

Familia hii ilikuwa Buhene. Nyumba yao iliungua usiku ule wa kwanza, na mbuzi akafia humo. Hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyekufa. Hapo ndipo mshauri anaweza kudanganyika: ukisikia "Bote balikufa" unadhani mtoto anazungumzia moto na kifo, unaanza kumtuliza kuhusu moto na kifo.

Tulipowauliza wazazi wasimulie usiku ule hatua kwa hatua, tukiandika saa na nani alikuwa amemshika nani, lilitoka jambo ambalo nyumbani halikuwa limetajwa tangu Mei. Baba alikuwa bado mjini. Mama alimbeba mtoto mdogo mgongoni, begi kichwani, na msichana akashika kitenge chake kwa nyuma. Katika msongamano kitenge kiliponyoka. Msichana alilala usiku nne kwa familia asiyoijua, hadi baba alipompata Sake. Baada ya hapo wote walikaa kimya, kwa kuwa mama aliona haya, baba alikuwa na hasira, na mtoto alikuwa amerudi, basi yameisha.

Karatasi moja yenye safu tatu (saa, mahali, nani kamshika nani) ilitupa habari kuliko fomu nzima ya dalili. Ifanyeni na wazazi peke yao, mtoto akiwa nje.

Mchezo unaotembea na mchezo uliokwama

Watoto wengi wa Goma walicheza volkano mwaka ule, kama walivyofanya wakubwa wao baada ya mlipuko wa Januari 2002. Hilo ni zuri. Katika tukio lenyewe mtoto hakuwa na uwezo wa lolote. Katika mchezo yeye ndiye mwenye kopo, anaamua lini moto uje, uende kasi gani, usimame wapi. Jambo kubwa linakuwa dogo kiasi cha kushikika mkononi. Mwili nao unajifunza: moyo unapanda, kisha unashuka, kisha unapanda tena, na mtoto anaona kwamba kupanda kuna mwisho wake. Mtoto wa miaka 7 hana maneno ya kutosha kueleza hofu yake. Vijiti na mawe ndiyo maneno yake.

Lakini si kila mchezo wa namna hiyo unaponya. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Lenore Terr, aliwafuatilia watoto wa Chowchilla, California, ambao mwaka 1976 walitekwa 26 kwa pamoja ndani ya basi la shule na kufukiwa ardhini ndani ya gari. Aliona baadhi yao wakirudia-rudia mchezo uleule wa utekaji bila kupata nafuu yoyote, hofu ikibaki palepale. Kucheza peke yake hakukuwatoa.

Sisi tunauita mchezo uliokwama, na kabla ya kugusa chochote tunautazama mara tatu, dakika 15 kila mara, kwa mbali. Tunaandika mambo manne: mwisho wa mchezo ulikuwaje, kama kuna kitu kilibadilika tangu jana, uso na pumzi ya mtoto vilikuwaje, na nusu saa baadaye alikuwa mtulivu au alikuwa amechafuka zaidi. Mchezo unaotembea hubadilika. Leo moto unafika mlangoni, kesho unazuiwa na jiwe, kesho kutwa mbuzi anajifanya zimamoto, na kicheko kinapita katikati. Mchezo uliokwama una mwisho mmoja, uso mkavu, pumzi fupi ya juu ya kifua, na mtoto akiitwa hasikii. Kwa msichana huyu majibu yalikuwa yaleyale siku zote tatu, na siku zote tatu alimpiga mdogo wake ndani ya nusu saa baada ya kumaliza. Mama hakuwa ameliunganisha hilo na mchezo. Alidhani ni ukorofi wa jioni.

Kabla ya mkeka

Mambo mawili yalitangulia. Kwanza, mtoto alipelekwa kituo cha afya, mkojo ukapimwa. Kukojoa kitandani kunaweza kutokana na maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari au hata kufunga choo, na ni aibu kumtibu mtoto kwa michezo miezi mitatu wakati alihitaji dawa za siku chache. Vipimo vilitoka safi.

Pili, fimbo. Hatukumhutubia mama. Tulimwonyesha kwenye karatasi yetu kwamba siku mbili zilizofuata kila kipigo mchezo ulihamia nyuma ya choo, ukarefuka, na usiku ukalowa. Hakuna mama anayetaka mtoto wake ajifiche na hofu yake. Alikubali kujaribu wiki mbili bila kuchapa wala kukataza, na akamwambia binti yake maneno haya, ambayo tuliyafanyia mazoezi naye: "Ule mchezo wako wa volkano, nilikukataza kwa sababu mimi mwenyewe niliogopa. Hukufanya kosa."

Beseni la mchanga na dakika 30

Njia tuliyoitumia inamfundisha mzazi acheze na mtoto wake kwa muda maalumu. Iliasisiwa Marekani miaka ya 1960 na Bernard na Louise Guerney, na inafaa Goma kwa sababu ya kawaida kabisa: wataalamu ni wachache, wazazi wapo. Mzazi anafundishwa saa mbili, anatazamwa akifanya, anasahihishwa, kisha anaendelea nyumbani.

Vifaa viliingia katika gunia moja la unga la kilo 25. Beseni pana la plastiki, na mchanga wa volkano uliochekechwa na kuoshwa mara mbili hadi maji yatoke meupe. Usipooshwa vumbi lake linakera macho na kifua. Jaza nusu ya beseni, si zaidi, ili mtoto achimbe bila kumwaga. Watu 8 wa kitambaa, urefu wa kidole cha kati, wakubwa wanne na wadogo wanne. Wanyama 4 wa udongo. Gari la waya. Chukudu ndogo ya mti (kigari cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo). Kikombe, kijiko, kopo la maji. Kipande cha kitenge cha mita moja. Uzi mnene. Karatasi na kalamu za rangi sita. Mfuko mdogo uliojazwa matambara, wa kupigwa hasira zikija. Bunduki za plastiki hatuweki. Wako wataalamu wanaoziweka, na wana hoja zao, lakini katika mji ambao mtoto akienda kuchota maji anakutana na watu wenye bunduki, toi ya namna hiyo ikitoka nje ya ua inaweza kumletea balaa. Mtoto anayeihitaji bunduki katika mchezo atageuza kijiti.

Gunia linafunguliwa mara moja kwa wiki, dakika 30, siku ileile, mahali palepale juu ya mkeka, kisha linafungwa. Vitu vyake si vya kuchezewa siku nyingine. Mtoto anahitaji kujua kwamba hofu yake ina mahali pake na saa yake, na kwamba mahali hapo hapachukuliwi na mtu.

Ndani ya dakika hizo mama ana kazi nne tu. Anamfuata mtoto bila kumwongoza. Anasema kwa sauti anachokiona: "Unapanga mawe. Unaacha mlango." Anataja hisia akiiona: "Huyu ameogopa sana." Na anaweka mpaka inapobidi, kwa hatua tatu zilizofuatana: taja anachotaka, taja mpaka, onyesha njia nyingine. "Umekasirika, unataka kunitupia mchanga. Mchanga si wa kutupia mtu. Ukiwa na hasira, upige ule mfuko." Hatua ya kwanza ikirukwa inabaki amri kama amri nyingine zote, na mtoto hupambana nayo. Dakika 5 kabla ya mwisho mama anatangaza, kisha dakika moja kabla. Muda ukiisha umeisha, hata kama mchezo umenoga, kwa maana mwisho unaotabirika ni sehemu ya tiba kwa mtoto ambaye mambo yake yote yalikatika ghafla.

Maneno "vizuri sana" na "hongera" tulimwomba mama ayaweke pembeni. Hili huwashangaza wazazi wengi. Mtoto akisifiwa anaanza kucheza kwa ajili ya kumpendeza mama, na mambo mabaya yaliyo ndani hayatoki tena, maana nani atakayesifiwa kwa kuzika familia yake?

Yaliyoharibika wiki nne za kwanza

Wiki ya kwanza ilikuwa Jumamosi jioni, kwa sababu mama hauzi makala Jumamosi jioni. Mtoto alikataa kukaa kwenye mkeka, akasimama mlangoni dakika zote 30. Ilitupita kabisa. Volkano ililipuka Jumamosi jioni. Tukahamia Jumatano saa 9 alasiri, akakaa mara moja.

Wiki ya pili watoto wa majirani walijaa dirishani, na mdogo mtu akaingia na kukaa ndani ya beseni. Nyumba ya chumba kimoja na sebule haina siri. Dawa yake haikuwa kufunga mlango, maana chumba chenye giza kilimtisha msichana. Mama mdogo alikuja kila Jumatano akawatoa watoto wote kwenda kuruka kamba upande wa pili wa ua, na mdogo mtu akaahidiwa dakika 15 zake na mama siku ya Alhamisi. Ahadi hiyo ikivunjwa kipindi cha dada yake kitaharibika Jumatano inayofuata. Usithubutu kuitoa kama huna nafasi.

Ndani ya kipindi hichohicho mama aliuliza maswali 19. Tuliyahesabu. "Hii ni rangi gani? Kwa nini hawatoki? Mbuzi ana miguu mingapi?" Swali linamtoa mtoto kwenye mchezo na kumpeleka darasani. Tulimpa mama zoezi la kugeuza kila swali kuwa sentensi: badala ya "Kwa nini hawatoki?", sema "Wote wamebaki ndani." Wiki ya tatu maswali yalikuwa 4.

Wiki ya tatu majivu yalipofunika vijiti (alivileta vijiti vyake vya zamani, watu wa kitambaa hakuwagusa) mama alilia. Msichana aliacha mchezo papo hapo, akampangusa mama machozi, akakunja mkeka mwenyewe. Wengi wangesema ni mtoto mwenye huruma. Sisi tuliona mtoto ambaye tangu Mei ameshika kazi ya kumlinda mama yake, na ambaye sasa amejifunza kwamba hofu yake ni nzito kuliko uwezo wa mama. Tulisimamisha vipindi wiki moja ili tushughulike na mama kwanza. Tutarudi kwake.

Wiki ya nne mama alirudi na nguvu, na akaleta suluhisho: kikopo alichokiita helikopta, kikashuka kuwaokoa watu. Msichana alikichukua taratibu akakiweka nje ya mkeka. Hili ndilo kosa linalofanywa na watu wazima wenye upendo kuliko lingine lolote. Tunataka mwisho mwema haraka, tunaleta wa kwetu. Lakini helikopta ilijibu swali la moto, na mtoto hakuwa ameuliza kuhusu moto.

Uzi

Tulirudi kwenye karatasi ya safu tatu. Ndani ya nyumba ya mawe, mwisho ulikuwa mbaya, lakini vijiti vyote vitano vilikuwa pamoja. Nje ya mlango ndiko kitenge kilikoponyoka. Kwa mtoto huyu, kutoka ndiko kulikotisha. Alikuwa akichagua kila siku, mara tatu au nne, kuungua pamoja kuliko kukimbia na kupotea.

Mchezo uliokwama wiki nyingi unahitaji msukumo mdogo kutoka kwa mtu mzima, na mdogo maana yake ni mdogo: sentensi moja kwa kipindi, isemwe ndani ya mchezo, isiyodai jibu. Jumatano ya wiki ya tano mama alisema, akitazama vijiti, "Wanaogopa wakitoka watapoteana." Kisha akanyamaza. Msichana alimtazama muda mrefu. Akaendelea kumwaga majivu, akasema "Bote balikufa" kama siku zote, lakini kwa mara ya kwanza hakuanza upya. Alikaa tu, kidole kwenye mchanga.

Jumatano ya wiki ya sita alitoa uzi kwenye gunia. Alivifunga vijiti vyote vitano kiunoni, kimoja kwa kingine, mbuzi akiwa wa mwisho, mafundo mawili kila kimoja. Akavipitisha mlangoni kimoja kimoja. Uzi ulikwama kwenye jiwe, alilitoa jiwe. Akavipandisha vyote juu ya chukudu na kuisukuma hadi ukingo wa beseni. "Huku ni Sake." Mama, ambaye sasa alikuwa amejifunza, alisema tu, "Wamefika wote, wamefungwa pamoja." Jioni ile msichana hakumpiga mdogo wake.

Kuanzia hapo mchezo ulitembea. Wiki ya nane kijiti kimoja kilipotea kwa makusudi, kikalala kwa "mama mwingine" chini ya kitenge, kikatafutwa, kikapatikana. Ndipo mama alipomwambia kwa mara ya kwanza, nje ya kipindi, wakati wa kumsuka nywele, kwamba usiku ule alirudi nyuma mara mbili kumtafuta. Mtoto hakuwa amejua hilo. Kwa miezi sita na zaidi aliamini kuwa aliachwa.

Wakubwa nao

Jaak Panksepp, mtafiti wa hisia za wanyama, aliwachunguza panya wadogo wakicheza mieleka. Aliwawekea katika kizimba unywele kidogo wa paka, mnyama ambaye panya hao hawakuwa wamemwona maishani. Mchezo ulikoma. Unywele ulipoondolewa, mchezo haukurudi siku hiyo. Ulibaki chini kwa siku kadhaa. Tunalitumia jaribio hili kuzungumza na akina baba, na wanalielewa haraka kuliko neno lolote la kitaalamu.

Baba wa kisa hiki alikuwa mchezaji wa kisoro, mchezo wa bao. Kabla ya Mei, akimaliza safari za chukudu, alikaa saa nzima na wenzake kwenye ubao wa mashimo 32, safu nne za manane, kete 64. Chukudu yake iliungua; sasa alikodi ya mtu na kulipa kila jioni. Tangu Mei hakuwa amegusa kete. "Nitacheza vipi na nyumba imeungua?" Alisema kwa heshima kabisa, na ni jibu la mwanaume anayebeba nyumba. Lakini alikuwa halali, alifoka, na hakuwa na mtu wa kukaa naye bila kuzungumzia deni. Tulimwomba arudi kwenye kisoro jioni 2 kwa wiki, dakika 40, kwa sharti moja: bila dau. Pesa ikiwekwa mezani mwili unarudi palepale kwenye hesabu na hofu, na faida yote inapotea. Mchezo huo unalazimisha macho na vidole kuhesabu kilichopo sasa, una zamu, una kelele za watazamaji, unacheka ukishindwa. Mtu asiyeweza kukaa na kupumua kwa amri anaweza kukaa na kupumua kwa kisoro.

Nyumbani alipewa dakika 10 za michezo ya nguvu na watoto wote wawili: kubebwa mgongoni, kusukumwa, kuangushwa kwenye godoro. Kanuni tatu zilisemwa kila siku kabla ya kuanza. Akisema mtu "Basi", wote wanaganda. Hakuna kukaba shingo. Papa anashindwa mara nyingi kuliko anavyoshinda. Neno "Basi" ndilo dawa yenyewe hapo, kwa sababu mtoto anasema neno na dunia inasimama kweli. Wiki ya kwanza baba alifanya hivyo saa 2 usiku, na mtoto akalala akiwa amechangamka, akalowesha. Tulisogeza mchezo kabla ya chakula cha jioni na kuufunga na kitu cha polepole, kama kurusha na kudaka mawe matano wakiwa wameketi.

Mama alikuwa na likelemba (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) ya wanawake 12 wa sokoni, kila Ijumaa. Walikutana, wakatoa pesa, wakatawanyika. Tulimwomba aiongezee dakika 20 za nyimbo za kupiga makofi na kuruka, zile walizocheza wakiwa wasichana. Wawili walikataa wiki ya kwanza wakisema wao si watoto. Wiki ya tatu ndio waliokuwa wakikumbusha. Mama alilia huko, mbele ya wenzake, pale palipokuwa mahali pake, na Jumatano kwenye mkeka aliweza kutazama majivu bila machozi.

Usiku

Choo kilikuwa hatua 22 kutoka mlangoni, na kukojoa kitandani kwa sehemu kubwa kulikuwa ni kuogopa hatua hizo. Tulizifanya mchezo: saa 11 jioni, bado kuna mwanga, msichana na baba walishika ncha mbili za kitenge na kuhesabu hatua hadi chooni na kurudi. Siku tatu. Kisha magharibi, siku tatu. Kisha gizani na tochi, yeye akiwa ameishika. Kitenge hakikuachiwa hata mara moja, na tunadhani kilifanya kazi kuliko tochi. Ukiruka ngazi moja kwa haraka utarudishwa mbili nyuma.

Zoezi la tetemeko la ardhi (kujikunja, kulinda kichwa, kungoja, kutoka) lilifanywa Jumapili, na wote, kwa wimbo. Halikuingizwa kwenye mkeka wa Jumatano. Ukimfundisha mtoto usalama ndani ya mchezo wake wa hofu, mchezo unakuwa somo na mlango wake unafungwa.

Wiki ya 12

Kukojoa kitandani kulishuka hadi usiku 1 kwa wiki. Mchezo wa volkano ulibaki, kama mara moja kwa wiki, na mara nyingine ukageuka soko au harusi katikati. Shuleni lori likipita bado anashtuka, lakini haingii chini ya dawati. Mdogo wake bado anapigwa, kwa kiwango cha kawaida cha dada na mdogo mtu.

Lililobaki ni anga. Kuna usiku ambao mwanga wa kreta (mdomo wa volkano) huyapaka mawingu rangi nyekundu juu ya Goma, na usiku huo msichana halali. Hatukumwambia asiogope, wenyeji wote wa mji huu hutazama rangi hiyo kwa makini, na wana haki. Wazazi walipewa la kufanya: watoke nje pamoja wote wanne, kitenge kikishikwa na kila mmoja, waitazame dakika tano, baba aseme kama kuna taarifa yoyote ya tahadhari au hakuna, warudi ndani, walale chumba kimoja usiku huo bila kuuita kurudi nyuma. Asubuhi yake, hata isipokuwa Jumatano, gunia lifunguliwe dakika 10.

Kama wiki ya nane ingefika uzi haujatokea, tungempeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili ya watoto, na hatungengoja wiki ya nane kama angeacha kusema, angejiumiza, au kama mchezo wake ungeonyesha mambo ya mwili ambayo mtoto wa miaka 7 hapaswi kuyajua. Katika hilo la mwisho mzazi asimhoji mtoto wala asimkaripie. Aandike alichokiona na kusikia, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, apeleke siku hiyohiyo.

Gunia lilibaki kwa familia. Mchanga uoshwe upya kila mwezi, na vijiti vitano, ambavyo bado vina mafundo yake, visifunguliwe na mtu mwingine isipokuwa msichana mwenyewe.